Naganda mchumba akinishika, na aliyenifanyia ndo kapangwa akae meza ya mbele kwenye sendofu

SWALI: "Habari dokta. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, ni keshia. Nilivyokuwa na miaka 19 nilikuja mjini kusoma chuo nikakaa kwa mjomba, binamu yake mama. Mkewe akisafiri alikuwa ananiingilia chumbani usiku, ilitokea zaidi ya mara moja mpaka nilipopata hosteli. Sikupiga kelele hata siku moja, naganda tu, na kuna siku mwili wangu uliitikia, najiuliza labda nilitaka. Mama nilimwambia, akasema alikulipia ada usituharibie ukoo. Kanisani mama mmoja akasema nisamehe nisahau. Sasa nimechumbiwa, mchumba ni mtu mzuri, tunasubiri ndoa, ila akinishika kiuno tu naganda, hata nikisikia malapa koridoni moyo unaenda mbio. Kazini bosi akipandisha sauti nashindwa kujibu. Na huyo mjomba ndo ukoo umempanga akae meza ya mbele kwenye sendofu. Nasikia sa hivi anakaa na binti mwingine wa ndugu yuko form two. Je nitakuja kujiamini kama wenzangu au ndo nimeshaharibika? Na mchumba nimwambie?"

JIBU: Mdogo wangu, asante kwa kuandika, najua meseji kama hii mtu anaiandika anaifuta anaiandika tena. Ntajibu yote ila sitafuata mpangilio wako. Naanza na ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka katikati, kwamba mwili uliitikia, maana naona kesi yenyewe iko hapo. Miaka saba umejihukumu kwa ushahidi huo mmoja na ushahidi wenyewe ni mbovu.

Mwili una mambo unayafanya bila kukuomba ruhusa. Ukikata kitunguu machozi yanatoka na hujafiwa na mtu. Sehemu za siri ni hivyo hivyo, zina mishipa mingi ya fahamu, zikiguswa damu inakimbilia huko na unyevu unatoka, na wapo wataalamu wanaoona kwamba unyevu huo ni namna ya mwili kujikinga usiumie zaidi. Inatokea kwa wanawake, inatokea kwa wanaume waliofanyiwa pia, na wengi wanakufa na siri hiyo kwa sababu wanadhani ni wao tu. Hakuna daktari anayeijua kazi yake atakayekwambia hiyo ni dalili ya kukubali. Hata sheria yetu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130, inauliza kama mwanamke aliridhia na kama ridhaa ilipatikana kwa vitisho, haiulizi mwili ulifanya nini. Wewe hukuridhia. Ulikuwa chini ya paa la mtu, unakula chakula chake, ada anatoa yeye, saa ngapi ungesema hapana ikawa na maana?

Sasa hilo la kuganda. Watu wengi wanaamini mtu akivamiwa kuna mawili, kupigana au kukimbia, na asipofanya mojawapo basi alitaka. Sio kweli. Ubongo ukiona hatari kubwa na hakuna pa kutokea, kuna sehemu ndogo ndani inaitwa amigdala inachukua usukani, na chaguo lake la tatu ni kuganda: misuli inakaza au inalegea, sauti haitoki, wengine wanahisi wako darini wanajiangalia. Hupewi nafasi ya kuchagua, inaamuliwa ndani ya sekunde kabla hata akili ya kufikiri haijajua kinachoendelea. Mwaka 2017 walichapisha utafiti wa Stockholm kule Sweden, wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura ya waliobakwa, na asilimia 70 walisema walipata hali hiyo ya kuganda kwa kiwango kikubwa. Saba kati ya kumi. Kwa hiyo kuganda ndo kawaida, anayepiga kelele ndo wachache, ingawa filamu na baadhi ya askari wanatuambia kinyume.

Na hii inanileta kwenye malapa. Tukio la kawaida ubongo unalihifadhi likiwa na mwanzo, mwisho na tarehe, unajua lilipita. Tukio la kutisha namna ile linahifadhiwa vipande vipande, sauti huku, harufu kule, mwanga chini ya mlango, na vipande hivyo havijui kwamba miaka imepita. Ukisikia lapa linaburuzwa kwenye sakafu ya saruji usiku, amigdala inasoma kwamba ni sasa hivi, ni yeye anakuja, na kabla hujafikiri chochote moyo umeshaanza kukimbia. Mchumba akikushika kiuno ni hivyo hivyo, mwili unajibu mkono mwingine wa miaka saba iliyopita. Bosi akipandisha sauti, mwanaume mwenye mamlaka, wewe ukiwa huna pa kukimbilia maana ni kazini, mwili unafanya kile kilichowahi kukufikisha asubuhi ukiwa hai. Kwa hiyo swali lako kama umeharibika mimi nalijibu hivi: kinachokusumbua ni kinga iliyofanya kazi yake vizuri halafu haijaambiwa kwamba hatari imeisha. Kuiambia inawezekana, ila haiambiwi kwa maneno matupu wala kwa kungoja.

Hapo kwenye kungoja nataka nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaamini muda unaponya. Ungekuwa unaponya ungeshakuponya. Kinachozuia ni kukwepa, na sikulaumu, kukwepa kunaleta nafuu pale pale. Unasikia malapa unavaa earphone, bosi anakuja unajifanya unahesabu chenji, mchumba anasogea unakumbuka umeacha kitu jikoni. Kila ukikwepa ukapata nafuu, ubongo unajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari na tumeponea chupuchupu, kesho ubongo unapiga kengele ya hatari kwa nguvu zaidi. Watu wanakwambia usilifikirie, kumbe kutolifikiria kwa nguvu ndo kunalilisha.

Cha kuanza nacho leo hii nyumbani ni kujifunza kujirudisha. Yakikushika, weka nyayo zote mbili chini uzisikie sakafu, toa pumzi taratibu mpaka iishe, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, halafu sema kwa sauti hata ya chini: niko Nkuhungu, nina miaka 26, mlango una komeo na komeo liko upande wangu. Taja vitu vitano unavyoviona, beseni, kapeti, chaja, chochote. Usitegemee hofu iondoke yote, lengo ni kuuonyesha mwili tofauti ya pale na sasa. Ukishaweza hivyo, mchana kweupe ukiwa salama, vaa malapa mwenyewe utembee koridoni usikilize sauti yake mpaka moyo utulie wenyewe bila kukimbia. Siku nyingine mwombe dada unayemwamini atembee wewe ukiwa ndani mlango wazi. Polepole, hatua inayofuata unapanda pale ya kwanza inapokuwa haikushtui tena. Ila ukiona badala ya kutulia unapotea kabisa, huoni huskii, acha, hiyo kazi ifanye na mtaalamu.

Maana mtaalamu unamhitaji, sikufichi. Kuna tiba za mazungumzo zilizotengenezwa kwa ajili ya kiwewe hasa. Mojawapo inachukua kama vikao 12 na inashughulika na yale mawazo yaliyokwama, kama hilo lako la labda nilitaka, mnaliweka mezani mnalipima mpaka lipoteze nguvu. Na msiniambie ni mambo ya wazungu, tiba hiyo ilijaribiwa mashariki mwa Kongo kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, majibu yakachapishwa mwaka 2013, na waliotoa tiba walikuwa wahudumu wa kijamii wa kule kule waliofundishwa, bila digrii za saikolojia. Wanawake walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa ushauri wa kutiwa moyo peke yake, na vita vilikuwa bado vinaendelea jirani. Ipo nyingine ya kurudia kumbukumbu kwa mpangilio, na nyingine ya kusogeza macho huku unakumbuka, zote zina ushahidi. Hutalazimishwa kueleza kila kitu siku ya kwanza, na anayekulazimisha hivyo hajui kazi.

Hapa Dodoma sogea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa, au Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili, uulizie mwanasaikolojia tiba au daktari wa afya ya akili. Najua nikitaja Mirembe umeshtuka, mji huu mtu akionekana anaingia lile geti kesho mtaa mzima unasema kachizika. Watu wanaingia kliniki asubuhi wanatoka mchana wanaenda kazini, ni wafanyakazi, walimu, wanafunzi wa vyuo, na baadhi yao umewahi kuwarudishia chenji dirishani kwako. Ukifika uliza swali moja tu: umeshawahi kutibu watu waliofanyiwa ukatili wa kingono na unatumia njia gani? Akianza kukuuliza ulivaa nini, simama, ondoka, tafuta mwingine, wala usione aibu.

Dawa zipo, fluoxetine au sertraline kwa mfano, zinasaidia hofu na huzuni kama daktari ataona zinafaa, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na usiziache ghafla. Ninachokukataza ni diazepam za kununua duka la dawa ili ulale. Zinakulaza ila kiwewe haziponyi na zinakuzoesha. Na kama hujawahi kupima VVU, homa ya ini B na kaswende toka wakati ule, pima, nusu saa na unatua mzigo mmoja.

Tuje kwa mchumba. Maoni yangu ni umwambie, ila sio yote na sio kwa sababu anadai. Sababu ni kwamba mwili wako utaongea hata ukinyamaza, utaganda usiku wa ndoa na yeye atajitafsiria mwenyewe, atadhani humpendi au una mtu. Sentensi mbili zinatosha: kuna mtu alinifanyia ukatili nikiwa chuo, mwili wangu bado unashtuka nikishikwa ghafla, ninatafuta tiba na nahitaji uniulize kabla hujanishika. Jina na maelezo ni mali yako, utayatoa ukitaka. Mwambie mchana, mahali ambapo kila mmoja anaweza kuondoka na kwenda kufikiri, usimwambie kwenye simu saa sita usiku. Halafu mwangalie. Mwanaume akisikia hivyo kwanza anaweza kukasirika, kutaka kwenda kumpiga mtu, hiyo inatulia. Lakini akianza kukuuliza kwa nini hukupiga kelele, au akaona sasa wewe ni bidhaa iliyotumika, basi umejua jambo la maana kabla ya pete, na hasara hiyo ni ndogo kuliko kulijua na watoto wawili.

Na kichen pati! Nimewasikia akina mama wanavyofundisha, usimnyime mumeo, mwanaume hakataliwi, lala ukae kimya akimaliza utapumzika. Kwa binti aliyewahi kuganda hayo mafunzo ni sumu, ni kufundishwa kuganda kwa mara ya pili na safari hii kwa vigelegele. Ongea mapema na somo wako umweleze hayo hutaki kuyasikia, au lifanye dogo. Kwenye ndoa yenyewe mkubaliane kwamba wiki za kwanza hakuna deni. Mnaanza na kushikana tu, mkono, mgongo, wewe ndo unasema endelea au simama, na ukisema simama anasimama kweli. Kila mara unaposema simama na pakasimama, mwili unajifunza kitu ambacho nyumba ile haukuwahi kukiona. Ikitokea misuli ya nyonga inajikaza yenyewe mpaka tendo linashindikana au linauma, hilo nalo lina jina na lina tiba, nenda kwa daktari wa wanawake, usivumilie kwa kung'ata meno.

Umeuliza utajiamini lini kama wenzako. Mimi kujiamini nakuona hapo hapo, kwenye hapana ndogo ndogo zinazosikilizwa. Haiji siku moja kama umeamka mtu mwingine. Kazini leo mwambie bosi naomba dakika moja nimalize hesabu ntakujibu, basi, hiyo ni mazoezi tosha kwa wiki.

Ila kuna hapana moja kubwa mbele yako na hiyo ni sendofu. Kwa upande wangu sioni sababu yoyote ya yule mtu kukaa meza ya mbele, na kusamehe hakumpi kiti. Suala la kusamehe ni la wewe na Mungu wako, litakuja muda wake au lisije, na mimi sijawahi kuona mgonjwa aliyepona kiwewe kwa kuamrishwa asamehe, nimeona walioongeza hatia juu ya maumivu kwa sababu kila wakisema wamesamehe malapa bado yanawashtua. Njia zipo kadhaa na kila moja ina bei yake. Unaweza kumfuata mama peke yake umwambie: sijaja kukuomba ruhusa, yule hatakaa mbele yangu, tafuta sababu ya kuwapa ukoo, kaka yako mwingine au babu mdogo akae. Hii inalinda siri lakini inamwacha yeye na heshima yake. Unaweza kumpata shangazi au mjomba mwingine mwenye sauti ukoo unamsikiliza, ukamweleza, akalimaliza kwenye kikao, ila ujue likiingia kwenye kikao litatoka. Unaweza kufuta sendofu mkafunga ndoa ya watu wachache, hasara ni michango na maneno. Au uvumilie awepo, na hii sikushauri, utaganda mbele ya kamera halafu zile picha utaziangalia miaka yote. Mama yako namfikiria pia, alikujibu vibaya sana, na pengine ni hofu ya kugombana na aliyekuwa anawasaidia, mpe nafasi ya pili ya kukusikiliza ila usiifanye tiba yako itegemee jibu lake.

Sasa yule binti wa form two. Umelitaja mwishoni kwa mstari mmoja na mimi ndo limenikosesha raha kuliko yote. Sijui kama anaguswa, wewe pia hujui, lakini anaishi nyumba ile ile na mwanaume yule yule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii anayejua mtoto yuko kwenye hatari atoe taarifa. Piga 116, ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto na ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Waambie unachokijua na uombe utambulisho wako ulindwe. Usiende kumhoji yule mtoto mwenyewe, na usianze kwa kumtisha mjomba, atamhamisha mtoto au atamfundisha cha kusema. Hili lisisubiri sendofu, wala lisisubiri wewe upone.

Kuhusu kumshtaki kwa lako: kosa kama hili halifutiki kwa sababu miaka saba imepita, na Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba ushahidi ulio bora wa ubakaji ni wa aliyetendewa mwenyewe. Lakini utaulizwa kwa nini ulikaa kimya muda wote huo, na vipimo vya hospitali havipo tena, kwa hiyo kesi itakuwa ngumu na utaieleza habari hii mbele ya watu usiowajua. Wapo wanaofungua wakajisikia wamesimama wima, wapo waliotoka wameumia upya. Kama unafikiria, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi ukaulize tu kwanza, na upate msaada wa kisheria kabla ya kuandika maelezo. Usipotaka kushtaki hujamkosea mtu.

Usisubiri miadi kama unawaza kujiua au unapanga namna, kama unajikata, kama pombe ndo inakulaza, kama siku zinapita hulali kabisa, au unajikuta sehemu hujui umefikaje. Hapo nenda hospitali yoyote kubwa siku hiyo hiyo, usiku au mchana, uwaambie hivyo hivyo bila kupunguza, na uende na mtu.

Na ninyi mnaosoma ambao lenu limetokea juzi au jana, msikae miaka saba. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, mapema ndo bora zaidi, unameza siku 28, na vidonge vya kuzuia mimba vya dharura vina nafasi mpaka siku ya tano ila kila saa inayopita vinapungua nguvu. Kama unaweza usioge, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, inatoka polisi na ni muhimu kwa kesi, ila kama umeumia au polisi ni mbali anza hospitali, fomu itafuata, na baadhi ya hospitali za mikoa zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta sehemu moja, ulizia pale mapokezi.